Vuli Tanga: maswali mnayoniuliza kila mwaka, na majibu yangu

Jamani kila ikifika Septemba simu yangu haipumziki, ni yale yale, dada mwaka huu tunakaa lini, tuje na nini, embe zimeanza au bado. Mi nakaa Ngamiani, na tangu nimeanza kuwakusanya majirani na mashoga zangu uani kuipokea vuli, maswali yamezidi mpaka nimeona bora niyaandike sehemu moja, usome kwa raha zako, swali lisilokuhusu liruke.

Hivi Tanga kuna majira ya kuchipua kweli? Si tulifundishwa ni ya Ulaya?

Yapo, sema sisi tunayaita vuli. Shuleni tulikaririshwa misimu minne tukaweka kichwani kwamba kuchipua ni kitu cha watu wenye theluji, kumbe ukitoka nje mwezi wa kumi unaona mwenyewe mwarobaini umevaa majani mapya, mwembe umejaa vitoto, na ile nyasi ya pembeni ya barabara iliyokuwa kahawia juzi tu leo ina kijani mpaka macho yanapoa. Kama huko sio kuchipua basi sijui kuchipua ni nini.

Pwani ina hesabu yake ya zamani na inafuata upepo. Kusi inavuma kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, ndani yake kuna baridi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti. Alafu inalegea. Hapo katikati, kabla kaskazi haijashika, mabaharia wanapaita tanga mbili, au maleleji, upepo haueleweki umekaa wapi, bahari inatulia, na ndio mvua za vuli zinaanza kunusa nusa, Oktoba, Novemba, Desemba. Wakati huo huo Ulaya wanapukutisha majani. Wao kuchipua kwao ni Machi mpaka Mei, na sisi muda huo tuko kwenye masika tunachota maji uani kwa ndoo. Kwaiyo mtu akikutumia picha za maua mwezi wa nne akiwa Ujerumani usijione umepitwa, zamu yako inakuja.

Sasa nitajuaje imeanza? Kuna tarehe?

Ya kalenda ipo, tarehe 22 au 23 Septemba, ndio siku jua linavuka mstari wa ikweta kuja kusini kwetu. Ila mi naipenda zaidi nyingine. Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwaiyo jua linatupitia utosini kabisa karibu na tarehe 6 Oktoba, na tena Machi likirudi. Chukua kijiti kinyooke, kichomeke uani wima, saa sita na dakika kumi hivi mchana kiangalie. Hakina kivuli! Watoto wangu mara ya kwanza walizunguka kile kijiti wanakitafuta kivuli, mdogo akakiinua kuangalia kama kiko chini yake. Tangu hapo hiyo ndio siku yetu ya kufungua msimu, haina gharama yoyote.

Dalili za kawaida unazijua mwenyewe: joto la jioni lisilo na upepo, siafu wanahama, na ile harufu ya vumbi likipigwa na matone ya kwanza.

Nairuzi nayo si sherehe ya kuchipua? Mbona inaangukia baridi?

Hili swali nalipenda mno kwaiyo nivumilieni kidogo. Nairuzi, siku ya mwaka, jina lake limetoka kwa Waajemi, Nowruz, na kwao kule Iran mpaka leo ni sikukuu ya kuchipua yenyewe, inaangukia tarehe 20 au 21 Machi. Wanapanga meza ya vitu saba vinavyoanza na herufi sin, kuna ngano iliyooteshwa kwenye sahani, kuna kitunguu saumu, tufaha, siki. Jina likavuka bahari likafika pwani yetu, mabaharia na wakulima wakahesabu mwaka wao hapo: miongo 36, kila mwongo siku 10, na siku 5 za juu, jumla 365. Mzee wa zamani alikuwa anakwambia pandeni mwongo wa ngapi, chombo kisitoke mwongo wa ngapi.

Sasa siku ni 365 tu, hakuna ile moja ya ziada ya kila miaka minne. Kwaiyo kila miaka minne siku ya mwaka inarudi nyuma siku moja, polepole, karne hadi karne, na siku hizi iko Julai, ndio maana Mwaka Kogwa wa Makunduchi kule Unguja unafanyika Julai watu wamejifunika kanga kwa kibaridi. Yani sikukuu ya kuchipua imetembea kalenda nzima kwa sababu ya robo siku. Kila nikilifikiria hilo naona hatujaiga kitu cha mtu tukiisherehekea vuli, pwani imekuwa na sikukuu ya majira tangu enzi.

Wenzetu wa nje wanafanyaje, tupate mawazo?

Wajapani wanatoka wanakaa chini ya micheri ikichanua, mwisho wa Machi na Aprili, wanaita hanami, maana yake kuangalia maua, basi, unatandika mkeka unakula unaangalia maua. India wana Holi ya kurushiana rangi. Mi kwa Wajapani nimechukua kitu kimoja kingine: mashairi yao mafupi ya haiku lazima yawe na neno moja la msimu. Nimelileta uani kwetu, ntaeleza huko chini kwenye mashairi.

Sina hela. Naanzaje?

Mkeka, kivuli cha mti, embe mbichi mbili, chumvi na pilipili ya kusaga. Umeshaanza.

Chakula cha msimu ni kipi hasa?

Hapa tukae. Kwetu mezani kitu cha kwanza ni mchuzi wa samaki kwa embe mbichi, maana embe za mwanzo zinaangushwa na upepo kabla hazijaiva na ni dhambi kuziacha. Nachukua samaki aina ya changu, wale wa asubuhi waliotoka baharini, nawatia chumvi, ndimu na kitunguu saumu, nawakaanga juu juu tu. Nazi mbili nazikuna kwenye mbuzi, nakamua kwenye kifumbu bila maji kwanza, hiyo kasimile naiweka pembeni, alafu natia maji ya uvuguvugu nakamua tui jepesi. Tui jepesi jikoni na kitunguu, nyanya moja, bizari ya manjano, pilipili mbuzi nzima isipasuke. Embe naikata vipande vya kidole na ganda lake kama bado changa, natia humo. Subiri mpaka embe ibadilike rangi, itoke kwenye kijani ije kwenye kama udongo mfinyanzi, ukibonyeza na mwiko inakubali ila haivurugiki, hapo ndio unatia samaki na kasimile unakoroga upande mmoja bila kuacha, ikianza kuchemka tu toa. Ukiiacha ikachemka sana tui linakatika unabaki na mafuta juu na maji chini. Ubwabwa pembeni, shoga, hutaongea.

Mboga za majani nazo zinakuja na mvua, majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha unaojiotea wenyewe nyuma ya banda la kuku. Wiki tatu baada ya mvua nzuri kunde zinakuwa na majani laini ya kuchuma. Zipike kwa nazi, usitie nyanya.

Embe ipi nzuri, na nitajuaje haijavundikwa kwa dawa?

Dodo ndio mwenyewe, ila dodo anachelewa, anakolea Desemba. Wanaotangulia ni wale wadogo wenye nyuzi nyuzi, wa kunyonya. Sindano tamu, bolibo kwa juisi.

Kuhusu dawa, mwaka mmoja nilinunua nusu debe kwa muuzaji mmoja, za njano zinang'aa zote rangi moja kama zimepakwa, nikafurahi. Kuzikata ndani nyeupe, chachu, zina harufu ya ajabu kama kiberiti, na watoto wakalalamika midomo inawasha. Nilizimwaga zote na nililia maana wageni walikuwa wamekaa. Embe iliyoiva yenyewe haina rangi moja, bega moja kijani jingine njano, na inanukia pale kwenye kikonyo. Nunua ngumu zilizokomaa vundika mwenyewe, kwenye boksi na majani ya mgomba makavu au ndani ya majivu, siku tatu nne zinatosha.

Machungwa ya Muheza je?

Msimu wake mkubwa ni kipupwe. Vuli ni zamu ya maua. Mchungwa ukikaukiwa na kiangazi kidogo alafu ukanyeshewa, unachanua wote kwa pamoja, na ukipita Muheza jioni madirisha ya gari wazi, harufu inaingia mpaka abiria wanaacha kuongea. Nimeshuhudia kwenye basi.

Kumbikumbi mnakula kweli?

Tunakula! Najua wapo wanaokunja uso na sitakulazimisha. Marehemu bibi yangu Mbondei alikuwa anaweka beseni la maji chini ya taa ya chemli jioni ya mvua ya kwanza, wanafuata mwanga wanaangukia majini. Unawakausha, unawapeta mbawa kwenye ungo, unawakaanga kikaangoni bila mafuta, wana mafuta yao, chumvi kidogo. Vinakuwa kama karanga. Alikuwa akituita, njooni wajukuu zangu chakula kimeshuka, na sisi shikamoo bibi huku mikono tayari iko kwenye ungo.

Maua gani nitumie?

Asumini kwanza. Chuma magharibi zikiwa bado hazijafunguka, zitafunguka kichwani kwako usiku. Kikuba kikiwa kamili kina asumini, mrehani, na kilua au kipande cha mkadi ukibahatika, unakifunga kwa uzi wa kanga iliyozeeka, kinakaa kwenye nywele au kifuani. Siku hizi naona mabinti wananunua maua ya plastiki kwa ajili ya picha na mrehani uko getini kwao unanukia bure. Naumia kweli. Panda kichaka kimoja tu cha asumini, hata kwenye ndoo iliyotoboka.

Langilangi weka kwenye kabati la nguo. Mkrismasi unawaka wekundu kuanzia Novemba, huo ni wa kuuangalia ukiwa umekaa chini yake, ukilichuma ua lake linanyauka haraka.

Tusome nini? Mi sio mtu wa vitabu.

Huhitaji kuwa mtu wa vitabu, wewe ni mtu wa Tanga inatosha. Shaaban Robert amezaliwa hapa, Vibambani, mwaka 1909, akafariki 1962 na kaburi lake liko Machui, kusini tu ya mji. Dunia nzima inayosoma Kiswahili inamjua alafu sisi tuliokulia jirani yake wengi hatujawahi kusoma beti zake kwa sauti. Kwaiyo kwangu kila mwaka mtu mmoja anakuja na kitabu chake chochote, tunapokezana, kila mtu ubeti, na mtoto akikwama neno mkubwa yeyote anamueleza, hapo ndio tunagundua maneno yaliyokuwa ya bibi zetu bado yamo humo.

Alafu tunatunga. Shairi letu la kawaida ni mistari minne, kila mstari mizani 16, yani silabi, nane nane, na vina viwili, cha kati na cha mwisho. Sheria yetu ya uani: lazima kuwe na neno moja la msimu. Embe, kumbikumbi, asumini, maleleji, chochote, ila liwepo. Mwaka jana wakati nasubiri ubwabwa uive nilipata ubeti huu:

Vuli imebisha hodi, tone lagusa mabati,
Nitoke nje sina budi, nitandike langu kuti,
Majirani mfaidi, embe dodo katikati,
Wa mbali nao warudi, vuli njoo tukaketi.

Sio wa kushindania ila hesabu mizani utaona imekaa. Na mtu akiujibu palepale kwa vina vile vile anapata embe la kwanza.

Watoto wadogo wape vitendawili vya matunda. Kuku wangu katagia miibani? Nanasi. Wakishajua kimoja watakutungia kumi vingine vya kwao.

Na upande wa sanaa, watoto wachore nini?

Wape kitu mkononi kwanza kabla ya rangi. Mi nampa kila mtoto jani jipya la mwembe, maana jani changa la mwembe halianzi kijani, linaanza kahawia nyekundu, kama shaba, limelegea kama kitambaa kibichi, alafu siku zinavyoenda ndio linapata kijani na kukakamaa. Walichore hilo. Mtoto aliyezoea kuchora jani la kijani kwa sababu majani ni ya kijani anashtuka, anaanza kuchanganya rangi, na nusu saa nzima hakuna kelele.

Edward Saidi Tingatinga mwenyewe kabla hajafika Dar na kuanza kuchora alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku Tanga. Alichorea ubao wa kawaida na rangi za mafuta za bei ndogo. Huwa nawaambia watoto hivyo ili wasiniombe rangi za gharama.

Wakubwa kazi yao ni kanga. Kila mtu anakuja amevaa moja, tunaangalia pindo, tunaangalia mji, yani ile sehemu ya katikati, alafu tunasoma jina, yani yale maandishi yake, na mwenye kanga anasimulia alipewa na nani na kwa nini. Nilidhani itachukua dakika kumi. Mama mmoja jirani alitoa kanga aliyopewa na mama mkwe wake siku amejifungua mtoto wa kwanza, mji wake umeshafifia korosho hazionekani vizuri, akasimulia mpaka taa zikawashwa.

Muziki?

Taarab, na ya nyumbani. Huu ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji uliomlea mwimbaji Shakila, sioni sababu ya kutafuta mbali. Sauti iwe ya kiasi watu wasikilizane.

Tukitaka kutoka nje ya mji?

Panda Amani, kupitia Muheza. Kule ndani ya misitu ya Usambara kuna kaua kadogo ka zambarau kenye majani ya manyoya kanakoota kwenye miamba yenye unyevu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku, Baron Walter von Saint Paul, alikaona akamtumia baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata kakapewa jina la kisayansi Saintpaulia, na leo kamejaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Ua la kuchipua la wenzetu wengi kwao ni Tanga na hawajui, na sisi wenyewe hatujui. Ukikaona usikang'oe, porini kamebaki kidogo. Kaa, kaangalie, karibu na maji utakakuta. Beba sweta na viatu vya tope.

Njiani angalia mkonge uliotoa mlingoti. Mkonge unachanua mara moja tu maishani, unapandisha mlingoti mrefu kuliko nyumba, unajaza maua na vichipukizi, alafu unakufa. Simamisha gari.

Na watu wa Bagamoyo?

Nyie mna bahati, mna TaSUBa, kile Chuo cha Sanaa cha tangu 1981, na tamasha lao la kila mwaka mara nyingi linaangukia kati ya Septemba na Novemba, ngoma, maigizo, sarakasi. Nendeni, alafu mkitoka pitieni ufukweni kwa pweza.

Je dini inaruhusu?

Hatuabudu mti wala upepo. Tunakaa, tunakula, tunamshukuru Mungu kwa mvua, sala ikifika tunasali. Wakristo na Waislamu wote wanakuja. Ukiwa na wasiwasi muulize shehe wako au padri wako, sio mimi.

Mvua ikinyesha katikati ya shughuli?

Itanyesha. Mwaka wa kwanza nilitandika mikeka mipya ya ukindu yenye rangi nyekundu na zambarau, nimetoka kuinunua, mvua ikaja ghafla, rangi ikatoka yote, mzee mmoja alikuwa na kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama, aliponyanyuka nyuma kote zambarau. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akasema binti yangu, vuli imenipiga muhuri, akakaa tena. Tangu hapo mikeka mipya naiosha kwanza kwa maji ya chumvi naianika kivulini, na turubai liko tayari limefungwa pembe nne. Chakula kinaingia ndani, watu wanaobaki nje ni kwa hiari yao, na watoto waacheni waoge mvua.

Basi mwaka huu nije na nini?

Kanga yako moja yenye hadithi, kisu cha kumenyea, na neno lako la msimu umeshalichagua njiani. Embe nitanunua mimi, mbichi, kutoka kwa mtu ninayemjua. Ukiwa na mche wa asumini uliozidi kwako ulete kwenye kopo, kuna jirani mpya mtaa wa pili bado ua lake halina kitu.